Nitapataje wakati wa kudumu wa kuandika riwaya?

Karani wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa. Naandika riwaya hapa Tanga huku nikiwa karani bandarini, na nirejeapo jioni hujikuta nikiifutafuta sura ya jana badala ya kusonga mbele. Mwenye ajira afanyeje ili aandike kila siku?

Bi Raskazone:
Marahaba, mwanangu. Ihamishie kazi hiyo alfajiri, baada ya swala na kabla ya chai, na simu uiache chumba kingine. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya kumi na tisa aliyekuwa pia mtumishi wa posta nchini Uingereza, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa. Kiwango hicho nakiona kikali mno, lakini kuiwahi siku kabla mwajiri hajaidai ni busara. Hata Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, alitunga akiwa mtumishi wa serikali.

Mhariri Mstaafu:
Naungana na Bi Raskazone, ila kuhusu kufutafuta nina neno. Rasimu ya kwanza iandike kwa kalamu daftarini, kwa kuwa kwenye kompyuta kufuta ni rahisi mno, na kila siku uache katikati ya tukio, mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango, ili kesho usianze kwa kuwaza.

Karani wa Ngamiani:
Ahsanteni. Na siku za meli, tunapoitwa mapema?

Mhariri Mstaafu:
Aya moja wakati wa chakula cha mchana yatosha. Usijaribu kulilipa deni hilo kesho yake, maana hapo ndipo wengi huacha kabisa.