Mdahalo wa wagombea urais: uwe lazima kisheria?

Mkereketwa: Wakuu, nianze na Kenya. Februari 2013 wagombea wote 8 walisimama jukwaani, Paul Muite akiwa ameshaenda mahakamani kudai nafasi yake. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akahojiwa peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 Raila ndiye aliyesusia, William Ruto akabaki peke yake. Hayo ni mahojiano, mdahalo una watu wawili. Sheria iwalazimishe.

Bint wa Sheria: Kwa adhabu gani, mkuu? Ukimfuta mgombea kwenye karatasi ya kura, unayemwadhibu ni mpiga kura. Argentina walilitafutia dawa. Mwaka 2015 mgombea urais Daniel Scioli alisusia mdahalo, na mwaka uliofuata bunge likapitisha Sheria namba 27.337. Anayesusia ananyimwa muda wa matangazo ya redio na televisheni unaolipiwa na serikali, muda huo wanagawiwa wenzake, na nafasi yake jukwaani inaachwa wazi kamera ziione. Mwaka 2019 na 2023 wagombea walifika.

Mkereketwa: Si ndiyo hiyo ninayoitaka!

Kipima Hewa: Taratibu. Umeruka kipande kinachoipa sheria ile meno: Argentina, tangu 2009, chama hakiruhusiwi kununua matangazo ya kampeni redioni wala kwenye televisheni. Muda wa serikali ndio pekee walio nao, ukiukosa umenyamazishwa. Kwetu mwenye fedha ananunua dakika anazotaka, kwa hiyo adhabu hiyohiyo itamuuma mgombea maskini tu, ambaye hata hivyo hasusii mdahalo. Anayesusia kwa kawaida ni yule anayejiona anaongoza.

Bint wa Sheria: Hapo umenibana. Basi anza na kudhibiti matangazo ya kulipia, mdahalo ufuate.

Mzee wa Hoja: Mnagombana juu ya kuhudhuria, na dakika je? Mwaka 1858 huko Illinois, Lincoln na Douglas, wakiwania useneta, walikutana mara 7. Wa kwanza dakika 60, wa pili 90, wa kwanza anarudi kujibu kwa 30, na zamu ya kuanza ilibadilishwa kila mkutano. Hakukuwa na mwandishi wa habari wa kuuliza maswali. Sasa chukua wagombea 8 na dakika 90: ukitoa 10 za waongozaji, kila mmoja ana 10 za kuzungumzia kodi, ardhi, afya na deni la taifa. Atakachotoa ni kaulimbiu.

Kipima Hewa: Ndiyo maana waandaaji wakaweka kizingiti. Kenya 2022 kilikuwa asilimia 5 ya kura za maoni, walio chini wakapangiwa kipindi chao cha mapema. George Wajackoyah akakataa mgawanyo huo akaondoka, David Mwaure akabaki peke yake. Ukiufanya mdahalo takwa la sheria, kizingiti nacho kinakuwa cha kisheria, na kila aliyeachwa nje ataenda kortini wiki ya mwisho ya kampeni.

Mzee wa Hoja: Na usawa wa kisheria unaweza kuua mdahalo wenyewe. Marekani ilikuwa na kanuni kwamba kituo kikimpa mgombea mmoja muda, kiwape wote. Mwaka 1960 Bunge lao liliisimamisha kwa muda, Kennedy na Nixon wakakutana mara 4. Iliporudi, miaka 16 ikapita bila mdahalo wa urais. Mwaka 1976 ulirejea kwa sababu kanuni ilitafsiriwa upya: mdahalo ulioandaliwa na watu wengine, nje ya studio, ni habari ya kawaida.

Mkereketwa: Sawa, lakini bila sheria mnategemea nini? Hisani?

Kipima Hewa: Aibu na hesabu. Uganda, Januari 2016, Museveni alisusia mdahalo wa kwanza. Februari 13, siku 5 kabla ya kura, akaja mwenyewe, hakuna sheria iliyomleta.

Bint wa Sheria: Mara moja hiyo. Ningependa kuona waandaaji wakitangaza tarehe, dakika na kizingiti miezi 6 mapema, kabla hakijajulikana kitambeba nani.