Wauza kompyuta wa Tanga, kwanini mnatuuzia leseni ya Windows isiyohamishika mnatuambia inahama?

Wakuu salaam. Naandika nina hasira na naomba mtu asije kuniambia nitulie kwanza, nimeshatulia vya kutosha na hela yangu haijarudi.

Mi nina steshenari hapa Chumbageni, natype, naprinti, naskani, wanafunzi nawajazia maombi ya mkopo wa chuo, vijana nawajazia maombi ya kazi. Kompyuta ikisimama na mimi nimesimama. Sasa kuna duka moja hapa mjini, jina silitaji, niliwaungisha wakanitengenezea desktopu ya kuunga na kwenye risiti wakaandika mistari miwili, mmoja kompyuta, wa pili "Windows 10 Pro original" shilingi 320,000. Laki tatu na ishirini kwa ajili ya Windows peke yake. Na kabla sijatoa hiyo hela nilimuuliza kijana wa pale, mwanangu hii mashine ikifa siku moja hii Windows inakuwaje, akanijibu "mama hiyo ni yako ya maisha, ukinunua kompyuta nyingine unahama nayo". Nikamwambia niandikie hivyo kwenye WhatsApp, akaandika. Meseji ninayo mpaka leo na risiti ninayo, kwahiyo wale wanaokuja na "ungeuliza kabla" tafadhali mpite.

Mashine imekufa. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Fundi wangu wa Ngamiani alipoifungua kila mahali kutu, sisi tunaokaa huku pwani tunaijua hii hewa ya chumvi inavyokula vyuma na feni inavyoivuta ndani kutwa nzima. Bodi ya aina ile hapatikani mtu anayeiuza tena, soketi yake ya zamani, na hata ingepatikana bei yake inakaribia mashine nzima. Nikanunua nyingine ya kuunga kwa mtu mwingine, haina Windows, nikasema si tatizo leseni ninayo. Tukaweka Windows 11 moja kwa moja maana ya 10 ilishaisha huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na namba ya 10 Pro inakubalika kwenye 11 Pro, hilo liko wazi. Ile mashine ya kwanza haiwaki kabisa kwahiyo sitaki kutumia leseni moja sehemu mbili, nataka kuhama tu kama nilivyoambiwa.

Nimeingiza zile herufi na namba 25 za kwenye kadi, inaniletea 0xC004C008. Maana yake seva ya Microsoft, wenye Windows, inasema hii namba imeshafikia mwisho wa kutumika. Nikajaribu kwa njia ya akaunti, maana mashine ya zamani nilikuwa nimeiunganisha na akaunti yangu ya Microsoft, kile kitu kilichoanza kwenye Windows 10 toleo la 1607 mwaka 2016, unabonyeza kitufe cha kutatua tatizo unachagua kwamba umebadilisha vifaa. Inagoma vilevile. Ndo fundi akafungua ile skrini nyeusi ya komandi akaandika slmgr /dli, kikatokea kidirisha kidogo, na katikati yake imeandikwa OEM_COA_NSLP channel. Fundi akaniangalia akasema dada umepigwa.

Ngoja nieleze hapa taratibu kwa sababu wengi hatuambiwi hili na ndo mlango wanaopitia hawa watu. Windows inauzwa kwa aina tofauti hata kama ukiiwasha inafanana kila kitu. Kuna ya riteli, hii unanunua wewe kama wewe, masharti yake yanakuruhusu kuitoa kwenye kompyuta yako moja ukaiweka kwenye nyingine yako, sharti la kwanza isibaki kwenye ile ya zamani. Ukiandika slmgr /dli kwake utaona neno RETAIL. Halafu kuna ya OEM, inayotolewa kwa viwanda na waunga kompyuta waiweke kwenye mashine wanayokwenda kuuza, hii inazaliwa na mashine na inazikwa nayo. Unaweza kubadilisha ramu, unaweza kubadilisha diski, haikatai, lakini mazabodi kwake ndo kompyuta yenyewe. Bodi ikifa ikabadilishwa kwa sababu ya ubovu kuna njia ya kuwaeleza Microsoft wakakubali, ila kuhamia kompyuta nyingine kabisa hapana. Hata ukitaka kumuuzia mtu leseni hiyo lazima umuuzie pamoja na mashine. Hizi laptopu za viwandani kuanzia enzi za Windows 8 mwaka 2012 namba yenyewe imechomekwa ndani ya BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayowasha mashine, ndo maana ukipiga Windows upya inajiaktiveti yenyewe, yaani inajithibitisha kuwa halali, bila kukuuliza chochote. Na kuna ya tatu ya makampuni na taasisi, ya jumla, nitaisema chini.

Nataka ieleweke mimi sigombani na hayo masharti. Leseni ya OEM ina bei yake ndogo na mtu anayeijua akainunua kwa bei hiyo hana cha kulalamika. Mimi niliuziwa ya OEM kwa maneno ya riteli! Pro ya riteli bei ya Microsoft wenyewe ilikuwa kama dola 200 huko Marekani, kwahiyo laki tatu na ishirini niliiona kabisa ni hela ya kitu cha kueleweka. Huo ni udanganyifu, na kijana aliyeniuzia anaunga kompyuta kila siku ya Mungu, kadi anazifungua yeye kwa mikono yake, hawezi kuniambia alikuwa hajui.

Nimekwenda dukani. Kwanza wakaniambia kosa la intaneti. Nikawaonyesha picha ya kile kidirisha. Wakasema labda Windows 11 ndo haitaki. Nikawaambia namba za 10 zinaingia kwenye 11 mnanidanganya tena. Ndo akatoka mwenye duka mwenyewe, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote, ananiambia "mama hizi leseni zikishatumika zimetumika, ndo kawaida yake". Nikamsomea meseji ya kijana wake. Kimya. Halafu akamwita kijana akamwambia "muwekee ile nyingine bure aende akafanye kazi".

Ile nyingine ni kraki jamani. Ile ya kuidanganya kompyuta kwamba iko kwenye ofisi kubwa yenye seva yake ya KMS, yaani seva ya kuaktiveti Windows za ofisi nzima. Hiyo KMS halali ni ya taasisi, inahitaji angalau kompyuta 25 ndo seva ianze kuaktiveti, na kila aktivesheni inakaa siku 180 inatakiwa ijihuishe. Mimi nina kompyuta moja Chumbageni! Na kijana kabla hata sijajibu ameshachomeka flashi ananiambia "mama tuzime antivairasi kwanza maana itaikataa". Nikaichomoa ile flashi.

Hapa ndo paliponiuma kuliko hela. Fikirieni kinachopita kwenye kompyuta ya steshenari. Mtu anakuja na kitambulisho cha NIDA naskani, vyeti vya kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, kadi ya benki ya mzazi, mwingine anafungua imeili yake pale pale na nywila anasahau kuitoa. Mama wa Mikanjuni ananiachia karatasi za mirathi nitype. Hawa watu wananiamini, na tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuwatunzia taarifa zao si hisani tena ni wajibu. Alafu wewe mfanyabiashara unaniambia nizime ulinzi niweke programu ambayo hata wewe hujui aliyeitengeneza nani, ili tu usinirudishie hela? Mimi ndo nilikuwa natoa laki tatu na kitu kuepuka hicho hicho. Tungekuwa tunataka kraki tungeweka kraki toka siku ya kwanza bila kupitia dukani kwako.

Ninachotaka ni kidogo sana. Nipewe leseni ya riteli kama ilivyoandikwa kwenye meseji, au nirudishiwe tofauti ya bei. Na kuanzia leo yeyote anayeuza Windows hapa Tanga aandike kwenye risiti neno moja tu, OEM au riteli. Neno moja. Risiti ina nafasi ya kuandika "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" kwa herufi kubwa haikosi nafasi ya hilo.

Naongezea kwa walionijibu hapo chini.

Mkuu uliyesema nihamie Linux, nashukuru na najua ni bure na halali, nyumbani mwanangu anaitumia. Lakini wateja wangu wanaleta faili za Word za ripoti za chuo zenye majedwali na namba za kurasa, nikizifungua kwenye programu nyingine mpangilio unasogea, na skana yangu ya zamani haina draiva ya huko. Na hata ningeweza, bado 320,000 yangu iko kwa mtu.

Aliyeleta habari za mahakama ya Ulaya, ile kesi ya 2012 ya UsedSoft na Oracle, ni kweli walisema aliyenunua programu kwa leseni ya kudumu anaruhusiwa kuiuza akishaifuta kwake. Ila hiyo ni Ulaya mkuu, sisi tuko Tanga, na mimi wala siuzi, nahama.

Aliyeuliza ajuaje yake kabla haijamkuta: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /dli, ingiza, subiri kidogo. RETAIL kwa kawaida unahama nayo. Ukikuta OEM haihami. Ukikuta VOLUME kwenye kompyuta ya nyumbani na hufanyi kazi kwenye taasisi yenye mkataba, basi umeuziwa ya watu, kamuulize aliyekuuzia leo hii wakati duka bado lipo. Na wenye riteli wanaotaka kuhama, kabla ya kuuza mashine ya zamani andika slmgr /upk inatoa namba, kisha slmgr /cpky inaifuta isibaki mle ndani.

Na wewe uliyesema "dada samehe tu ni wenyeji wenzetu hao", mimi pia ni mwenyeji, nimezaliwa Makorora. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Barua nimeshaitype, nimeambatanisha risiti, picha ya ile skrini na meseji ya WhatsApp. Kama kuna mtu wa hapa Tanga alishawahi kupeleka lalamiko lake kule likashughulikiwa aniambie alianzia wapi, na kama kuna mwingine aliyeuziwa Windows na duka hilo hilo aangalie yake halafu aje inboksi tupeleke pamoja.