Marubani vijana wa ndege ndogo: mshahara, kodi na masika. Tupeane uzoefu

Nyamwezi Angani
Wadau, jana kamati ya harusi ya binamu yangu imenitumia kadi ya mchango kwa simu. Mbele ya jina langu, kabla hata sijaulizwa, wameshaandika milioni moja. Nikampigia mwenyekiti, akacheka: "Kepteni bwana, hiyo kwako si hela ya vocha?"

Narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, Arusha kwenda mbugani na Zanzibar. Mshahara wa msingi unatosha chumba na nauli, basi. Kinachoniweka mjini ni posho ya saa za kuruka, na saa zipo Julai hadi Oktoba, nyumbu wakiwa kaskazini mto Mara. Ikifika Aprili kambi zinafungwa, viwanja vya udongo vinajaa tope, unakaa nyumbani unatazama rosta tupu. Mwenye nyumba wangu naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na tarehe yake inaangukia Aprili hiyo hiyo.

Mliopita huku mliishije? Na mlio kwenye ATR, zile ndege kubwa za propela mbili, kuna nafuu kweli au ni sare tu zimenyooshwa vizuri zaidi?

Mama Mizani
Umenigusa. Watu wanaona miwani na mistari begani. Hawaoni alfajiri nikiwa nimechuchumaa chini ya bawa na kikombe cha kioo, nakinga mafuta kuangalia kama yameingia maji. Yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, na harufu ile unashinda nayo, sabuni haiitoi.

Halafu mabegi. Kilo 15 kwa kichwa, begi laini, imeandikwa kwenye tiketi. Anakuja mtu na sanduku gumu limejaa viatu, ananikabidhi, ananiuliza rubani yuko wapi. Nikimwambia ni mimi, anachungulia nyuma yangu. Tukitua, dereva wa kambi anapewa bahshishi. Mimi napewa mkono na kuombwa picha.

Chura wa Masika
Nakazia hapo kwenye bahshishi.

Mdadisi Mkuu
Maneno mengi. Wekeni namba tuone kama mnalia kwa haki.

Nyamwezi Angani
Namba sitaji. Kampuni zenyewe za kuhesabu, na sisi tunatambuana kwa sauti kwenye redio. Nikitaja shilingi hapa, kesho asubuhi naitwa ofisini.

Mdadisi Mkuu
Basi mnalia njaa bila ushahidi. Mwalimu wa darasa la kwanza afanyeje?

Mama Mizani
Mwalimu hakuuza shamba la baba ili awe mwalimu.

Ticha Mstaafu
Taratibu dada. Mimi ni mwalimu na ng'ombe wa mzee waliuzwa nisome. Usidhani ada za wenzako zilishuka toka mbinguni.

Mama Mizani
Shikamoo mwalimu. Sikukusudia kudharau. Nazungumzia deni: leseni ya biashara inataka saa 200 za kuruka, na kila saa ya mafunzo unainunua mwenyewe. Ukimaliza una leseni mkononi na hakuna anayekuita, kwa sababu wote wanataka mwenye saa nyingi.

Ticha Mstaafu
Marahaba. Hapo nimekuelewa, ila ng'ombe nao walikuwa deni.

Kaka Propela
Ngoja niwape ya kwangu, maana nikisikia neno posho damu inachemka.

Nilikuwa mgeni kwenye ile kampuni, nimefungwa na bondi: ukiondoka kabla ya muda, unawarudishia gharama zote za mafunzo. Novemba moja nimepeleka wageni Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mvua ikafunga njia ya kurudi. Viwanja vya mbugani havina taa, jua likizama na wewe umelala. Nikafunga propela kwa kamba. Nikakata miiba nikaizungushia magurudumu yote matatu, kama nilivyofundishwa na wakubwa. Nikaenda kulala hema la madereva.

Asubuhi nakuta miiba imevutwa pembeni, imepangwa vizuri kabisa utadhani kuna mtu kafagia. Tairi la mbele limetafunwa ubavu mzima. Vipande vya mpira vimetapakaa kwenye nyasi, alama za meno zinaingia kidole, na ute umeshaanza kukauka. Askari wa hifadhi akainama akatazama nyayo, akasema neno moja tu: "Fisi." Kisha akaomba kipande cha mpira akatengeneze bawaba ya mlango.

Hapo nina abiria tisa wamekaa juu ya mabegi yao, jioni wanatakiwa uwanja wa Kilimanjaro, KIA, kupanda ndege ya Ulaya. Simu haishiki. Nikapanda juu ya Land Cruiser na sare yangu nyeupe, nikapata mnara mmoja, nikapiga ofisini. Mkuu wa ratiba ananiuliza, "Tairi limeliwa?" Nikamwambia limeliwa. "Na nani?" Nikamwambia. Akakata simu. Alidhani nimelewa.

Caravan ya pili ilifika mchana na fundi na tairi jipya. Wageni ndege yao iliwaacha, wakalazwa hoteli. Mwisho wa mwezi nafungua karatasi ya mshahara: "Makato, uharibifu wa mali." Nikauliza miiba nilikata ya nini basi. Nikaambiwa saini au lipa bondi uondoke. Nikasaini. Makato yale yalikwenda hadi masika, na masika hakuna saa. Ilifika mahali mlinzi wa hanga ndiye ananikopesha nauli. Nilikuwa nabandua mistari begani kabla ya kupanda daladala, naitia mfukoni, nikifika getini naivaa tena.

Chura wa Masika
FISI 😂😂😂

Mdadisi Mkuu
Fisi gani anakula mpira wakati mbuga imejaa swala? Hii chai.

Fundi Spana
Siyo chai. Nimebadilisha matairi ya namna hiyo kwa mikono yangu. Mpira una harufu, fisi anatafuna chochote kinachonuka. Miiba inasaidia siku akiwa ameshiba.

Kinda la Wilson
Sisi tulikuwa tunapaka pilipili.

Mzee wa Avgas
Dizeli ndiyo dawa. Pakaza dizeli, hasogei mnyama.

Fundi Spana
Msipake dizeli tafadhali! Mafuta yanaozesha mpira, halafu tairi linakupasukia kwenye changarawe na mzigo umejaa. Bora fisi.

Chura wa Masika
Nimekuja kusoma habari za mshahara, sasa najua kutunza fisi.

Wakili wa Kijiweni
Kaka Propela, acha utani wa fisi pembeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: mwajiri hakukati kwa hasara mpaka iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Ulitakiwa kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kaka Propela
Mkuu, CMA ningekwenda. Kisha nani angeniajiri? Umesikia juu hapo, tunatambuana kwa sauti.

Wakili wa Kijiweni
Ndiyo maana wanaendelea kuwakata.

Kinda la Wilson
Poleni majirani. Huku Nairobi msimu wetu mbaya hauletwi na mvua pekee. Kuna vijana wengi walikuwa wanaishi kwa ndege za miraa, uwanja wa Wilson hadi Mogadishu, kila siku ya Mungu. Machi 2020 Somalia ikafunga mlango wa miraa, ikafungua tena Julai 2022. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Rafiki yangu ana leseni safi kabisa na alikuwa anauza mitumba mtandaoni. Sasa amerudi hewani lakini duka hajafunga, anasema miraa si mama yake.

Halafu kuna joto: Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Saa saba mchana hewa ni nyepesi, ndege inavuta njia yote ndiyo inyanyuke. Unamwambia mteja apunguze mzigo, mteja anampigia bosi, bosi anakupigia wewe. Kijana mwenye deni anajibuje hapo? Hili ndilo linalonitisha kuliko mshahara wenyewe.

Mama Mizani
Anajibu "hapana". Bosi hatakuwepo kwenye kiti.

Mzee wa Avgas
Rahisi kuandika, dada.

Mtanzania Dallas
Mimi niko Marekani kwenye ndege za mikoa, zile zenye viti visivyofika 80 zinazobeba abiria kwa niaba ya mashirika makubwa. Msidhani huku ilikuwa pepo. Marubani wasaidizi wa zamani walikuwa wanaanza kwa hela ya mhudumu wa mgahawa. Saa inayolipwa inaanza breki zikiachiwa. Ukikwama getini kwa theluji nusu siku, hiyo ni zawadi yako kwa kampuni. Kituo chako cha kazi kinaweza kuwa mji ambao huwezi kulipa kodi yake, kwa hiyo mnapanga nyumba moja watu kumi, vitanda vya juu na chini, kila mtu analala pale siku zake za zamu tu.

Kilichobadilisha mambo ni ajali ya ndege ya mikoa ya kampuni ya Colgan, safari namba 3407, karibu na Buffalo, 12 Februari 2009. Watu 50 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha toka Seattle kwenda kuanzia kazi Newark, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Bunge lao likatunga sheria 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi anatakiwa leseni ya juu, kwa kawaida saa 1,500. Marubani wakaadimika, na Juni 2022 kampuni tanzu za American Airlines zikatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza.

Mdadisi Mkuu
HATIMAYE namba. Kumbe mtu anaweza.

Fundi Spana
Ila usiwadanganye watoto. Uchunguzi wa Buffalo ulisema chanzo ni kepteni: usukani ulipotikisika kumwonya kwamba ndege inapoteza kasi, yeye akauvuta badala ya kuusukuma. Siyo mshahara ulioangusha ndege. Na wale wawili wote walikuwa wameshapita saa 1,500.

Mtanzania Dallas
Sijasema mshahara uliangusha ndege. Nimesema mtu aliyesafiri usiku kucha kwenda kazini alikuwa analipwa kidogo. Familia za marehemu ndizo zilizokwenda bungeni kudai sheria, nenda kabishane nao.

Fundi Spana
Sibishani na wafiwa. Nabishana na wewe.

Efuoo wa ATR
Mleta mada uliuliza ATR. Nafuu ipo: kuna wa kukufungia mlango, kuna choo, mko wawili mbele, na mshahara hautegemei nyumbu. Ila kibali cha kurusha ATR ama ujilipie, ama kampuni ikulipie na ikufunge bondi mpya. Mimi nimetoka bondi nikaingia bondi. Kila kijana pale anahesabu saa zake akisubiri kuitwa kwenye Airbus, na waliopo kwenye Airbus wanasubiri Uarabuni. Hakuna aliyekaa alipo.

Kuhusu kodi: mwombe mwenye nyumba msogeze tarehe, umlipe Septemba na Machi. Wangu alikubali nilipomletea samaki wa Mafia.

Mzee wa Avgas
Usimwombe. Hamia kwa wazazi mpaka utimize saa 1,000.

Chura wa Masika
Oa mwenye nyumba.

Baba Wawili
Samahani wakuu, nimeingia kimya kimya nikisoma. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia, hesabu), anataka urubani na hasikii kingine. Nina kiwanja Kigamboni. Niuze?

Mzee wa Avgas
Uza. Kiwanja hakijawahi kumwita mtu baba.

Kaka Propela
Usiuze.

Fundi Spana
Mlete kwenye ufundi wa ndege. Fundi hapimwi afya kila mwaka, na rubani asiporuka fundi bado ana kazi.

Ticha Mstaafu
Mwache kijana achague, ila na yeye achangie. Afanye kazi uwanjani japo mwaka mmoja, kubeba mizigo au kaunta, aone hayo mafuta ya alfajiri. Wengi wanapenda picha.

Baba Wawili
Nimewasikia wote, mmenichanganya zaidi.

Mama Mizani
Mzee wangu, kabla ya kuuza hata mti uliopo kwenye hicho kiwanja, mpeleke akapimwe afya daraja la kwanza. Macho, masikio, moyo, mkojo, na kutofautisha rangi. Nimesoma na kijana ambaye familia ililipa ada nusu nzima huko Afrika Kusini ndipo ikagundulika haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Kipimo hicho kinafanyika mapema tu.

Baba Wawili
Asante sana binti. Wanapima hospitali yoyote?

Mama Mizani
Hapana, ni madaktari walioidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, waombe orodha. Awe amelala vizuri, na kama anavaa miwani aende nayo, asiifiche. Miwani siyo tatizo, mimi mwenyewe navaa.