Mwanzilishi wa saikolojia ni Freud au Wundt?

Wakuu naanza kusoma saikolojia, kila mtu ananitajia Freud tu, kwani ndo mwanzilishi?

— Hapana mkuu, anza na Wundt, alifungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, 1879. Humo mtu anasikia mpira ukidondoka anabonyeza swichi, Wundt na wanafunzi wake wanapima kachukua muda gani. Freud alikuwa daktari Vienna, yeye alichimba ndoto na yaliyofichika akilini.

— Mwanasaikolojia Watson naye 1913 huko Marekani akasema tuachane na ya ndani ya akili, tupime tabia inayoonekana. Ila 1920 yeye na msaidizi wake Rayner walikuwa wanagonga chuma nyuma ya mtoto mchanga kila akimgusa panya mweupe, mpaka akawa akimwona panya tu analia, ule ukatili kabisa!

— Maslow na Rogers, wanasaikolojia wa Marekani, msiwaache, kwangu hao ndo walimwona binadamu mzima, si tabia au yaliyofichika tu.