Tupeane uzoefu: tiba mtandao kwa sisi wa Kanda ya Ziwa

Ndugu wanajamvi, naomba kila aliyewahi kuhudumiwa na daktari kwa simu au video aeleze ilivyokuwa: alijuaje kwamba ni daktari kweli, na dawa alizipataje. Naanza mimi.

Mama yangu mkubwa anaishi kisiwa cha Ukara na ana kisukari. Kumfikisha hospitali ya Bugando, Mwanza, maana yake ni kuvuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, kupanda gari hadi Nansio, kisha kungoja meli ya Mwanza. Alipopata kidonda unyayoni, binti yake alikipiga picha akiwa ameweka njiti ya kiberiti kando yake ili ukubwa uonekane, na daktari aliyekuwa mjini akauliza kuhusu harufu, ganzi na joto la mguu kabla ya kuandika dawa. Tulikwama dukani, kwa kuwa cheti kilichofika kwenye simu hakikuwa na muhuri wala namba ya usajili, na muuzaji akakataa kutoa antibayotiki. Simlaumu, maana dawa hizo hazipaswi kutolewa bila cheti kinachoaminika. Ninachodai ni kanuni iseme wazi cheti halali cha simuni kiweje.

Muuguzi, Sengerema: Kwetu simu hutusaidia sana kabla ya rufaa. Kinachonikera ni picha za wagonjwa kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mkazi wa Ilemela: Mdogo wangu yuko Marekani, ambako kwa kawaida daktari anatakiwa awe na leseni ya jimbo alipo mgonjwa, hivyo mdogo wangu alipohamia jimbo jingine ilimbidi atafute daktari mpya, ingawa yule wa zamani bado alipatikana kwa video. Niliona ni usumbufu mtupu, mpaka baba yetu hapa nyumbani alipoandikiwa dawa za presha na mtu aliyejitambulisha kuwa daktari wa nchi jirani, presha ikashuka mno akaanguka bafuni, nasi hatukujua pa kulalamika. Baraza la Madaktari Tanganyika humwajibisha aliyesajiliwa nalo, na huyu hakuwamo kwenye rejista. Nataka sheria ifuate alipo mgonjwa, lakini daktari wa nje aliyethibitishwa apewe kibali bila mlolongo, kwa sababu kumzuia kabisa kutawaumiza wenye maradhi ambayo mabingwa wake hapa ni wachache.