Mabaka shingoni yamegoma kuondoka, ni ugonjwa gani huu?

Mtoto wa Makorora
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva bodaboda hapa Tanga, miaka 27. Tangu Januari nina mabaka nyuma ya shingo, yanashuka mabegani. Mengine meupe meupe, mengine kahawia. Hayaumi, yanawasha tu nikitokwa jasho. Duka la dawa walinipa krimu ya mchanganyiko, yakafifia. Nilipoacha yakarudi mara mbili yake. Mama anasema ni mbalanga. Jana abiria kakataa kuvaa helmeti yangu. Naombeni ushauri.

Shangazi Mwanaidi
Pole mwanangu. Paka ndimu asubuhi kabla hujatoka, yatakatika.

Kinyozi Mstaafu
Shangazi, hapana! Mimi nilipaka ndimu nikashinda juani, ngozi ikaungua, nikabaki na weusi kwa muda mrefu tu.

Tabibu wa Zahanati
Dogo, mbalanga haitoi magamba, na baka lake huwa jeupe kabisa. Livute baka kwa vidole viwili, kisha likwaruze taratibu kwa ukucha. Kikitoka kiunga, yaani magamba laini kama unga, yaelekea ni utangotango. Fangasi wake, Malassezia, anaishi kwenye ngozi zetu sote. Joto, jasho na mafuta vikizidi ndipo anapotamba. Hauambukizi kwa helmeti, mwambie abiria wako. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho: muwasho unatulia, fangasi anabaki pale pale.

Jingine usilipuuze: fumba macho, mtu akuguse kwenye baka kwa kipande cha pamba. Usipohisi, nenda kituo cha serikali wakupime ukoma. Unatibika, na dawa ni bure.

Baba Zuhura
Daktari, nidandie uzi. Mke wangu shingo imekuwa nyeusi, nene, kama mahameli. Tumesugua kwa dodoki hadi ngozi imechubuka.

Tabibu wa Zahanati
Acheni kusugua, huo si uchafu. Mara nyingi weusi wa namna hiyo huendana na unene na mwili kutoitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mpeleke akapime sukari.

Mtoto wa Makorora
Nimekwaruza, kiunga kimetoka kama cha muhogo. Pamba naihisi vizuri. Sasa nitumie nini?

Tabibu wa Zahanati
Afadhali. Tafuta shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi. Paka shingo, mabega, kifua na mgongo, hata pasipo na baka. Acha dakika 5, suuza. Fanya hivyo kila siku kwa siku 5. Mafuta mazito ya kupaka weka kando, na fulana iliyoloa jasho usiirudie. Kiunga kisipokoma, nenda hospitali wachukue magamba wakayaangalie kwa hadubini.

Mtoto wa Makorora
Shukrani sana mkuu. Na rangi itarudi lini?

Tabibu wa Zahanati
Hiyo inachelewa, hata miezi kadhaa. Usije ukaona bado peupe ukadhani dawa imeshindwa. Kwaruza tena: kama hakuna kiunga, fangasi kaisha, ngozi inajirudisha yenyewe.