Mafundi wa rangi, kazi ya usukani wa mbao kama huijui sema huijui! Crown yangu imeharibiwa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina Toyota Crown ya 2005, ile ya usukani nusu ngozi nusu mbao. Mbao ilikuwa imepata ukungu mweupe pale mikono inapokaa, kwingine inang'aa vizuri tu. Wenye magari ya namna hii mnaujua ugonjwa huo. Jua la Dar linapiga kioo cha mbele kutwa nzima, jasho, losheni, na tangu enzi za korona kuna vitakasa mikono vyenye spiriti. Vyote vinakula klia, ile rangi angavu ya kinga inayopakwa juu. Nikaipeleka gari kwa fundi wa rangi anayesifiwa mjini, nikamwambia wazi: toa ukungu, mchoro wa mbao usiguswe. "Kazi ndogo hiyo bosi, acha gari, pitia jioni."

Jioni napitia, nakuta usukani umeng'olewa uko juu ya meza, umepigwa msasa mkavu namba 120. Namba 120 jamani! Huo ni msasa wa kukwangulia milango. Upande wa kulia mistari ya mbao imeisha kabisa, imetokeza plastiki nyeusi. Ngozi inapopakana na mbao imechunwa, uzi wa mshono umekatika. Na juu ya uharibifu huo alishapaka vanishi ya makabati kwa brashi, matone yameganda kwa nyuma pale vidole vinaposhika. Namuuliza kulikoni, ananijibu: "Bosi, hii siyo mbao, ni feki, sasa mimi nifanyeje?"

Ufanyeje? Ulitakiwa ujue hilo kabla hujashika msasa! Magari mengi ya Kijapani hiyo "mbao" ni plastiki iliyovishwa mchoro. Filamu yenye picha ya mbao inawekwa ielee juu ya maji, kipande kinazamishwa, mchoro unakishika, halafu inapulizwa klia nene juu yake. Yapo yenye mbao halisi, lakini hata hayo ni ganda jembamba tu lililogandishwa na kufunikwa klia. Iwe hii au ile, mkono wako na mchoro vinatenganishwa na klia peke yake. Ukiitoboa klia, mchoro unaondoka na vumbi la msasa, na hakuna brashi itakayourudisha.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kupima ukungu ni kazi ya dakika moja. Chukua kitambaa kilicholowa, pitisha juu ya ukungu. Ukipotea wakati pamelowa na kurudi pakikauka, ukungu uko juu tu, ni mikwaruzo midogo midogo na klia iliyochoka. Wangu ulikuwa hivyo, nilishaupima nyumbani na nikamwambia. Huo unatolewa usukani ukiwa palepale kwenye gari. Unafunika ngozi na tepu ya karatasi, unatandika nailoni juu ya dashibodi, unachukua msasa wa maji 1500, unakuja 2000, unamalizia 3000, ukiwa umeuzungushia kwenye sponji laini na bila kukandamiza. Kila ukisugua kidogo unafuta na kutazama. Tope likiwa jeupe, unakula klia, endelea. Likianza kuwa la kahawia, simama hapo hapo, umefika kwenye mchoro. Baada ya hapo ni kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, kisha polishi kwa kitambaa laini. Basi!

Kama ukungu haubadiliki hata ukilowanisha, hapo ndiyo kazi kubwa: klia imeachia au unyevu umepenya kwenye nyufa. Hiyo inataka klia ya zamani itolewe kwa uangalifu na ipulizwe nyingine ya magari, yenye hadina (dawa ya kuigandisha), kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likiachwa likauke kwanza. Vanishi ya kabati haina nafasi popote kwenye usukani. Gari likikaa juani inalainika, na sasa hivi ndivyo ilivyo, nikikata kona kiganja kinanata. Hilo ni jambo la usalama, siyo urembo.

Na usalama wenyewe ndio umenipandisha presha. Huyu bwana aling'oa usukani bila kufungua betri! Mle ndani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga, kitu chenye baruti yake. Utaratibu wa Toyota unajulikana: zima swichi, fungua temino ya hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 umeme uliobaki uishe, ndipo uguse zile soketi za njano. Yeye akachomoa tu. Kisha akiwa anarudishia hakulinganisha alama za katikati za ule waya bapa uliojikunja ndani ya kasha nyuma ya usukani. Nimetoka pale, nimekata kona ya kwanza kubwa, nikasikia "tak". Honi ikafa, vitufe vya redio vikafa, taa ya eabegi ikawaka na haijazima mpaka leo. Fundi umeme wa magari amefungua, waya umekatika. Maana yake nikigonga leo, eabegi ya dereva haifumuki. Kwa sababu ya ukungu wa mbao!

Nimemrudia, ananiambia nimalizie hela iliyobaki kwanza ndipo tuongee. Hajaomba hata radhi. Vijana wake wanacheka pembeni.

Mafundi mliomo humu, nawaheshimu, wapo wanaoijua kazi na ninawafahamu. Lakini hii tabia ya kupokea kila kazi inayoingia getini inatuumiza. Mteja ukimwambia "hii siiwezi, nenda kwa fulani" anakuheshimu na kesho anakuletea bampa. Ukimharibia, anakuja kuandika uzi kama huu.

Sasa naomba msaada. Anayejua sehemu hapa Dar wanapopiga ile filamu ya mchoro wa mbao kwa maji, aweke hapa na bei. Au kama kuna mwenye usukani wa mbao na ngozi wa Crown ya 2004 hadi 2007 kutoka kwenye gari iliyochinjwa, pamoja na lile kasha la waya la nyuma, likiwa zima na limepimwa. Eabegi yangu ni nzima, hiyo siitafuti. Picha tafadhali, za mwanga wa mchana, nione klia vizuri kabla sijatoka nyumbani.

Na wewe fundi, najua uzi huu utakufikia: hela iliyobaki silipi, na gharama ya waya ni yako.